Mshale wa Upepo

Mama alifariki hospitali ya Kuluva alfajiri, moyo wake ukiwa umechoka kwa miaka mingi, na mchana nilimpakia kwenye lori la matofali ninaloliendesha. Nilikuwa nimelifagia mwenyewe. Nililimwagia maji, nikatandika mikeka, na hata hivyo vumbi jekundu lilibaki kwenye mbao kama damu iliyokauka. Jeneza likawekwa katikati. Dada yangu Medina akaketi kichwani pa mama, wanawake wakamzunguka, wanaume wakasimama pembeni wakishikilia vyuma. Safari ilikuwa ya kutoka Arua hadi Lurujo, huko Koboko, kwenye makaburi ya ukoo wa mama, na ilitakiwa tumzike kabla jua halijazama.

Lori si langu, lakini hakuna mtu Arua anayelijua kama mimi. Wenzangu wengi huendesha kwa masikio na kwa dua. Mimi naendesha kwa macho. Kwenye dashibodi kuna geji ya mwendo, ya mzunguko wa injini, ya joto la maji, na ya upepo. Hiyo ya upepo ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Maji yakichemka, utasimama kando ya barabara na watu watakucheka. Upepo ukiisha, huchagui pa kusimama.

Maana breki za lori hazitegemei nguvu za mguu. Injini hujaza upepo kwenye matangi, na upepo ndio unaobana magurudumu. Mshale ukitulia juu, wewe ni dereva. Ukianza kushuka, king'ora kidogo hulia mbele yako. Ukizidi kushuka, kuna springi kubwa kwenye magurudumu ya nyuma. Hizo hujifunga zenyewe na gari hugoma kwenda. Aliyebuni springi zile aliwajua vizuri madereva.

Kushoto kwangu, ndani ya kebini, aliketi Mjomba Abiriga, kaka wa mama. Alikuwa mzee mrefu, kanzu nyeupe, mkongojo katikati ya magoti. Ujana wake aliumaliza akiendesha malori ya jeshi, na hakuwahi kumruhusu mtu yeyote asahau. Kwa ukoo wake neno lake lilikuwa ukuta. Na ukoo huo una mwiko: gari lililobeba maiti halisimami njiani. Likisimama, marehemu hudhani amefika nyumbani, roho yake hushuka na kubaki hapo porini. Imamu wa Koboko aliwakataza mara nyingi wasiseme hivyo. Imamu hakuwa mkubwa kuliko Abiriga.

"Songa, Siraji. Jua iko naenda," alisema tulipokuwa tukipita Manibe. Tulikuwa tumechelewa kwa kuwasubiri jamaa waliotoka Kampala.

"Naona, mjomba."

"Unaona nini? Macho yako iko kwa hizi saa-saa tu. Barabara iko huko nje, haiko ndani ya gari."

"Na nyinyi jeshini mulikuwa nasoma nini?"

"Matako." Alijipiga pajani. "Gari ikigonjwa, matako najua kwanza. Sisi tulipeleka risasi mpaka mpakani, dashibodi haina hata kioo. Kila kilima unatoa gia, unaweka frii, gari natelemka yenyewe, mafuta nabaki. Hapana kufa hata mutu moja."

"Wale walikufa hawawezi kubisha, mjomba."

Alinikazia macho, kisha akacheka kwa kishindo, kofia ikamwegemea sikioni. Nami nikacheka. Nyuma yetu mama alikuwa amelala ndani ya sanda, na sisi tunacheka. Watu walioanika muhogo kando ya lami walisimama, wakavua kofia, wakainamisha vichwa. Hawakutusikia.

Tuliacha lami, tukaingia barabara ya murram, ya udongo mwekundu, inayokwenda Lurujo. Hapo ndipo nilipouona mshale wa upepo ukitenda jambo ambalo haukuwa umelitenda asubuhi. Nilikanyaga breki kupisha ng'ombe, ukashuka. Nilipoachia, haukupanda. Nikakanyaga tena kwenye shimo, ukashuka tena. Nikaongeza mafuta ili injini ijaze matangi. Ukapanda kidogo, ukatetemeka, ukarudi chini.

King'ora kikaanza kulia.

"Zima hii nzi," alisema mjomba.

"Hii haizimwi. Upepo unatoka mahali."

"Ikitoka itaingia ingine."

Mbele yetu barabara ilipanda hadi kwenye kilele, na kutoka kileleni hushuka mteremko ambao kila dereva wa Koboko anaujua. Kushoto kuna ukingo wa udongo uliochongwa na matrekta, mrefu kuliko paa la lori. Kulia kuna korongo. Chini kabisa kuna kona, na baada ya kona daraja jembamba lisilo na kingo. Kwa breki nzima ni mahali pa kutuliza akili. Bila breki ni kaburi lililochimbwa tayari.

"Mjomba, nitasimama hapo juu."

"Utasimama kwa nini?"

"Nitasimama."

"Siraji! Gari ya maiti hapana simama!"

Nilisimama. Nilichagua pale kileleni ambapo ardhi ni karibu tambarare kwa hatua chache, nikazima injini, nikaruka chini na kuweka mawe mbele ya magurudumu. Kisha wanawake wakaelewa kwamba tumesimama, na kilio kikapanda upya, cha hofu sasa. Mariam Poni, mke wa mjomba, aliinama juu ya ubao wa pembeni.

"Siraji, mwanangu, umefanya nini? Unamwacha mama yako hapa?"

"Simwachi, mama. Gari ina tatizo."

"Tatizo iko kwa kichwa yako!" alifoka mjomba akishuka. "Wewe iko dereva, ao iko mwanamke ya kwanza kuona kilima?"

Wanaume wengine wakaguna. Nilikuwa nimeshalala chini ya gari. Kwenye ekseli ya nyuma nilisikia upepo ukifoka kama nyoka. Hosi, bomba la mpira linalopitisha upepo, ilikuwa imesuguliwa na chuma mpaka ikatoboka. Niliitazama ikitema pumzi yake ya mwisho, kisha nikasikia springi zikijifunga, kok, kok, kulia na kushoto. Gari limegoma. Nilishukuru. Nilitoka chini nikiwa na vumbi mdomoni, nikawaambia watu wote: hosi imetoboka, Koboko zipo, nitampigia bodaboda aniletee, tutaifunga na tutakwenda.

"Na jua?" aliuliza mjomba.

"Jua litazama, mjomba. Tutazika kesho asubuhi."

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. Alikuwa amewaambia Koboko yote kwamba dada yake anafika leo, kwa gari, na watu zaidi ya mia walikuwa wakingoja kwenye kaburi lililo wazi.

Pale palipokuwa na gari hapakuwa na mtandao. Nilipanda kichuguu kilichokuwa mbali kidogo, nikainua simu, nikazungumza na muuza vipuri, nikazungumza na mtu wa boda, nikakubaliana naye. Wakati huo nililiona lori la mchanga likija nyuma yetu na kusimama. Lilikuwa la Afedra, dereva tunayefahamiana stendi ya Arua, mtu mwema, mwepesi wa kusaidia. Sikuwa na wasiwasi. Laiti ningekuwa nao.

Niliporudi, Afedra alikuwa akitoka chini ya lori langu na spana mkononi, akijifuta grisi kwenye suruali.

"Pole na msiba, ndugu. Nimekufungulia springi zote mbili. Sasa itakwenda."

Ni kazi ambayo madereva wote huifanya njiani: breki ikijifunga porini, wanaingia chini, wanazungusha bolti, wanaikunja springi kwa nguvu, na gari linakuwa huru. Huru kabisa. Halina upepo wa kulibana, na sasa halina springi za kulikataza.

"Nani alikuambia?"

"Mzee."

"Gari haikuwa nagonjwa, Afedra. Ilikuwa nakataa!"

"Usinipigie kelele. Kila mutu iko nafanya hivi. Mimi nilitoka Oraba, kule mpakani, hivi mpaka Arua."

"Zirudishe."

Alimtazama mjomba. Mjomba alitikisa kichwa. Afedra akaiweka spana mfukoni. Kwetu hata mtu wa kabila lingine humtii mzee kabla ya kumtii mwenye gari.

Basi nilipanda juu ya gurudumu, nikapaza sauti ili wote wanisikie. Niliwaambia washuke. Niliwaambia kwamba lori hili sasa limeshikwa na mawe tu. Sikubembeleza. Waliisikia hofu sautini mwangu, na hofu ya dereva huambukiza upesi kuliko maneno yake. Wanawake wakaanza kushushwa mmoja mmoja, Mariam Poni akishikwa kiuno, watoto wakipokelewa mikononi. Alibaki Medina.

"Shuka, Medina."

"Mama hajakaa peke yake tangu Kuluva. Sishuki."

"Tutamshusha na yeye. Tutambeba mabegani. Wanaume iko wengi hapa."

"Mukimshusha, nashuka."

Wazo hilo liliwaingia watu. Binamu zangu walifungua ubao wa nyuma. Mmoja alikuwa tayari anavua viatu ili apande. Kubeba jeneza mabegani ni sunna na ni heshima, na kutoka pale hadi kwao Lurujo ni mwendo wa saa moja na kidogo. Giza lingetukuta njiani, lakini tungefika. Nilidhani tumeshapona. Nililizunguka lori kwenda nyuma ili nishike pembe ya jeneza la mama yangu.

Ndipo injini ikawaka.

Mjomba Abiriga alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Niliuacha ufunguo pale, nani angefikiri? Aliutoa mkono nje ya dirisha, kanzu ikipepea.

"Dada yangu hapana bebwa barabarani kama gunia ya makaa! Atafika na gari, kama nilisema! Toa mawe!"

"Msitoe!" nilipiga kelele.

Lakini kijana mmoja aliyekuwa mbele karibu na mawe, mtoto wa binamu, alikuwa amesikia sauti ya babu yake maisha yake yote. Mkubwa akiamuru, mguu hutangulia akili. Alipiga teke jiwe moja, lile jingine likateleza lenyewe. Lori likasogea. Polepole, kwa upole kabisa, kama mtu anayejinyoosha.

Nilikimbia. Niliruka kwenye ngazi ya kebini, nikafungua mlango, nikamsukuma mzee kwa bega hadi upande wake wa kushoto. Sikumwomba radhi. Mguu wangu ukakuta klachi, mkono ukakuta gia, na kabla mwendo haujakolea nikaingiza namba moja, nikaachia klachi. Injini ikaguruma, lori likatetemeka, likashikwa.

Wasiojua hufikiri breki ndiyo inayoshusha gari mlimani. Gia ndiyo inayoshusha. Ukiwa kwenye namba moja na mguu umeutoa kwenye mafuta, magurudumu hayawezi kukimbia kuliko injini inavyoruhusu. Injini hulia, lakini inakushika. Mshale wa upepo ulikuwa umelala chini kabisa. Mshale wa mzunguko ulikuwa umepanda, unagusa wekundu. Nilijua kelele ile ni ya uhai. Tukashuka hivyo, ukingo wa udongo ukipita taratibu kushoto, korongo kulia. Kwenye kioo niliona ubao wa nyuma ukining'inia wazi na Medina amelala kifudifudi juu ya jeneza, mikono yake imelikumbatia huku na huku.

"Gari nalia," alisema mjomba.

"Iache ilie."

"Injini itapasuka, Siraji!"

"Haipasuki. Mjomba, usiguse kitu. Nakuomba."

Nusu ya mteremko ilikuwa nyuma yetu. Niliiona kona. Niliona daraja. Nilianza, Mungu anisamehe, kupanga maneno ambayo ningemwambia mbele ya watu wote tukifika.

Hakufanya kwa ubaya. Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi, na kila mara naona uso wa mzee mwenye hofu, uso wa mtu anayesikia kitu kikifa na anajua dawa yake. Mkono wake uliokunjamana ulitoka kwenye mkongojo, ukaenda kwenye gia kama unavyokwenda kwenye tasbihi, bila kuangalia, ukaivuta hadi katikati.

Frii.

Kelele ya injini ikakatika. Kimya kile sitakisahau. Upepo ukaanza kuvuma dirishani.

"Umeona?" alisema. "Imetulia."

Nilikanyaga klachi, nikasukuma gia irudi; meno yakasagana, yakanitupa mkono. Nikapiga mafuta, nikajaribu tena, yakanitupa tena. Lori lilikuwa limeshakimbia kuliko namba yoyote ningeweza kuipata. Mshale wa mwendo ulipanda mbele ya macho yangu, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na cha kufanya na nilichokisoma.

Kona ilikuwa inakuja. Kwa mwendo ule, kwenye kona lori lingelala, na Medina na mama wangerushwa kama matofali. Wakinusurika kona, kuna daraja. Kulia, korongo. Palibaki ukingo wa kushoto. Nikiusugua ukingo kabla ya kona, udongo ungelishika lori. Ungelishika kwa ubavu wa kushoto.

Mjomba alikuwa kushoto.

Sitasema kwamba sikuwa na muda wa kufikiri. Nilikuwa nao. Ulikuwa mdogo, lakini ulinitosha kumwona, na kumwona Medina kwenye kioo. Nilikata usukani.

Udongo uliingia kebini kwa sauti ya ngoma inayopasuka. Chuma kilipiga ukelele, kioo kikanijia usoni, lori likasugua, likasugua, likajichimbia, likainuka upande mmoja, likasimama.

Nilipofungua macho mshale wa mwendo ulikuwa kwenye sifuri. Mlango wa kushoto ulikuwa umeingia hadi karibu na gia. Sikuhitaji kumwita mjomba. Nilimwita hata hivyo.

Medina alivunjika paja. Jeneza lilikuwa limekwama kati ya ubao na mwili wake, na mama hakutoka ndani ya sanda.

Binamu walituteremkia mbio. Jioni ile jua lilizama tukiwa bado tunaukata mlango kwa shoka na nondo za Afedra, ambaye alikuwa akilia waziwazi kama mtoto. Asubuhi iliyofuata makaburi mawili yalifukiwa Lurujo, la dada na la kaka, moja kando ya lingine. Watu waliokuja walikuwa wengi mno. Walinipa mkono, lakini macho yao hayakuja na mikono. Nilisikia maneno yakipita nyuma ya turubai la matanga: gari lilisimama. Siraji alisimamisha gari la maiti, na marehemu hakukubali kubaki peke yake porini, akamchukua kaka yake. Hivyo ndivyo walivyolieleza. Hakuna aliyeuliza kuhusu hosi. Hakuna aliyeuliza kuhusu bolti. Nilikaa kwenye mkeka, bandeji kichwani, nimeuma meno, na moto wote niliokuwa nao kifuani hapakuwa na mtu wa kuumwagia.

Aliyeuliza alikuja siku chache baadaye, watu walipokwisha kutawanyika. Mariam Poni yuko kwenye eda. Hatakiwi kutoka nje ya ua wake. Lakini mara baada ya swala ya alfajiri alisimama mlangoni pa nyumba niliyofikia pale Lurujo, amejifunika kanga nyeusi hadi machoni.

"Nipeleke," alisema.

"Wapi, mama?"

"Kwa gari."

Tulitembea hadi chini ya mteremko. Umande ulikuwa mzito. Lori lilikuwa bado limejichimbia pale pale, linangoja wa kulivuta. Alilitazama, akauliza swali ambalo wanaume wote wa ukoo hawakuthubutu.

"Kwa nini upande yake?"

"Upande wangu kulikuwa na korongo. Na nyuma kulikuwa na Medina."

"Ulimwona mzee?"

"Nilimwona."

Alilipokea jibu. Alipumua kama mtu anayetua mzigo mmoja ili aokote mwingine.

"Watu nasema ulikuwa nashuka vizuri. Walikuwa naona kutoka juu. Kisha gari ikakimbia. Nini ilikimbiza?"

Ningeweza kusema sijui. Polisi niliwaambia breki, na haikuwa uongo. Lakini mimi si mtu wa kumficha mambo ya gari mtu aliyeniuliza kwa macho makavu. Nilimwambia yote: namba moja, kelele, mkono, frii.

Hakulia. Alikwea kupitia mlango wa kulia uliokuwa ukining'inia, akaketi kwenye kiti changu, akaitazama dashibodi yenye vumbi.

"Hii?"

"Joto ya maji."

"Na hii?"

"Upepo, mama. Hiyo ndiyo ilisema tusimame."

Alinyoosha mkono wa kushoto, akaigusa gia. Nilimwonyesha namba moja iko wapi. Aliiingiza kwa shida, mifupa ya mkono ikimtoka, kisha akaivuta irudi katikati. Ilirudi kwa kidole tu.

"Kumbe iko rahisi hivi," alisema.

Aliiingiza tena. Akaitoa tena. Nilisimama chini nikimwangalia.

"Watoto wake nafikiri baba yao alikufa kwa kupeleka dada yake nyumbani," alisema mwishowe. "Usiwaambie hii."

"Wakiniuliza, mama, nitasema. Sitaongopa juu ya gari."

Alinigeukia. Nilidhani atanilaani, na nilikuwa tayari.

"Basi nitawakataza kuuliza," alisema. Alishuka, akakataa mkono wangu, akajifunika kanga, akaanza kushuka kuelekea darajani peke yake.